Alfhild wa Kiti cha Kulia

Siku Sixten Brolin aliporudi kutoka Gävle na gari lake jipya, watu wa kijiji chetu cha Storhaga waliacha kupanda viazi wakaja kulitazama. Ilikuwa Mei ya mwaka 1950, na barafu ilikuwa ndiyo kwanza imeisha ziwani. Gari lilikuwa Plymouth, kazi ya Wamarekani, la kijani, refu na pana, na pua yake imevikwa vyuma vinavyong'aa hata jogoo wa mwenye duka alipojiona humo akataka kupigana.

"Sixten, hili ni gari au kanisa?" mtu mmoja aliuliza.

"Kanisa," Sixten akajibu. "Sadaka mtatoa mkishuka."

Watu wakacheka, maana Sixten ndiye aliyekuwa na teksi peke yake kijijini, na sadaka zake kila mtu alizijua. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, kapera, mrefu, mpole wa mwendo na wa maneno. Gari alilinunua kwa Bwana Wetterhall, muuzaji wa magari ya Kimarekani, mtu mnene mwenye tai ya madoadoa ambaye angeweza kumuuzia samaki mwavuli. Wetterhall alikuwa amemwambia, "Ndugu yangu, hili ukiliomba lipande ukuta, litakuuliza ukuta upi."

Na kweli lilikuwa na nguvu. Shida yake ilikuwa moja tu, nayo haikuwa yake peke yake. Wakati ule sisi tulipita upande wa kushoto wa barabara, kama mnavyopita nyinyi Nairobi na Dar es Salaam, ila usukani wa magari yetu ulikuwa kushoto vilevile. Usiniulize kwa nini. Tulizaliwa tukakuta hivyo. Kwa hiyo dereva alikaa ukingoni, karibu na mtaro, na akiwa nyuma ya lori hakuona kitu ila matako ya lori. Aliyeona mbele ni abiria wa kiti cha kulia. Mwenye kigari kidogo aliweza kuinama akachungulia. Mwenye Plymouth angeinama mpaka avunjike mbavu asifike katikati ya kiti.

Basi Sixten akawa anawauliza abiria, na abiria nao ni binadamu. Mchuuzi mmoja wa ng'ombe alimwambia, "Nenda, nenda!" huku macho yake yako malishoni yakikagua mitamba ya watu. Sixten akaenda. Basi lililokuwa linakuja liliondoka na kioo cha pembeni pamoja na kofia ya mchuuzi. Tangu siku hiyo Sixten aliapa hamwamini mtu. Akawa anafuata malori polepole kama ndama anavyomfuata mamaye, na watu wakawa wanaachwa na treni.

Siku ile ya Mei, Alfhild Norling naye alikuja kulitazama gari. Alisimama nyuma ya watu wote, kwa kuwa nyuma ndiko alikozoea.

Alikuwa na miaka ishirini na mitano, na kazi yake ilikuwa kuosha madebe katika kiwanda cha maziwa. Ulimi hauna mfupa, husema watu. Wa Alfhild ulikuwa nao. Alikuwa na kigugumizi tangu utotoni, tena si kile cha kujikwaa kidogo na kuendelea. Chake kilimkaba koo, kikamfumba macho na kumkunja uso, na neno likabaki limesimama mlangoni, haliingii wala halitoki. Watu hawakuwa wabaya kwake. Walikuwa na haraka tu. Kila mtu alimsaidia kumalizia sentensi zake, na kila mtu alimalizia vibaya. Alienda dukani kutaka sabuni, akakwama kwenye "sa", mwenye duka akampa sardini. Naye, kuliko kuanza upya mbele ya foleni, alilipa akaenda nazo nyumbani.

"Leo tena sardini?" mama yake, Botilda, aliuliza.

Alfhild akainua mabega.

"Haya, Mungu ana mpango na sardini zetu," alisema mama. Alikuwa mjane mwenye maneno ya kuwatosha wawili, na kanisani na sokoni aliyatumia kwa niaba ya binti yake.

Mwezi wa Juni mama huyo alishikwa na tumbo. Siku ya kwanza alisema ni maziwa yaliyoganda vibaya. Siku ya pili hakusema kitu, na hapo Alfhild akajua mambo si mazuri. Nesi wa kijiji alipombonyeza tumbo akalikuta gumu kama ubao. "Hospitali ya Hudiksvall, sasa hivi," alisema. "Mwiteni Sixten."

Sixten alimbeba Mama Botilda mwenyewe, akamlaza kiti cha nyuma. Nesi akachuchumaa sakafuni kando yake, na bado akapata pa kuweka mkoba. Kwa Alfhild kilibaki kiti cha mbele, cha kulia. Akaingia, mlango ukajifunga kwa sauti nzito, na safari ikaanza.

Barabara ya Hudiksvall ilizunguka ziwa Dellen kwa kona nyingi, na katika kona ya kwanza tu walikuta lori la magogo. Lilikuwa limepakia misonobari mirefu, linakokota, linatimua vumbi, na dereva wake hasikii honi. Sixten alisogeza gari katikati kidogo, akaona vumbi, akarudi. Akasogeza tena, akarudi tena. Nyuma Mama Botilda akaguna kwa uchungu.

"Sixten, mgonjwa hana siku nzima," nesi alisema.

"Najua."

"Basi pita!"

"Nipite wapi, nesi? Nikipita kipofu tutakuwa wagonjwa wanne."

Kisha akamtazama msichana aliyekaa kuliani mwake, ameshika dashibodi kwa mikono miwili. "Binti, wewe unaona mbele ya lori?"

Alfhild akatikisa kichwa kukubali.

"Kuna nini?"

"K-k-k..."

"Anasema kuna gari!" nesi akapaza sauti.

"Hajasema," Sixten alisema. "Mwache amalize."

Hakuna aliyewahi kusema hivyo kwa ajili ya Alfhild. Mshangao ukamkaba zaidi, neno likafa kabisa. Wakaingia kona nyingine. Sixten akangoja, macho yake kwenye magogo, sauti yake haina hasira wala huruma.

"Sikiliza, binti. Usihangaike kunieleza. Ukiona njia nyeupe kabisa, nataka neno moja tu: kweupe. Ukiona kitu, nyamaza. Ukiwa na shaka, nyamaza. Likikukwama kooni, ni sawa pia. Lisipotoka sipiti, wala sitakuuliza mara mbili."

Alfhild alitazama barabara. Maisha yake yote kimya chake kilikuwa kosa la kuombewa radhi. Humu garini kilikuwa jibu. Alihisi mabega yanashuka. Likaja gari la farasi, akanyamaza. Ikaja kona, akanyamaza. Kisha barabara ikanyooka kando ya ziwa, tupu, mpaka kule linakoonekana ghala jekundu la nyasi.

"Kweupe," alisema.

Lilitoka zima, mviringo kama yai. Sixten hakumtazama kuhakikisha. Alikanyaga mafuta, Plymouth ikanguruma, magogo yakapita kushoto kwao moja baada ya jingine, na vumbi likabaki nyuma. Kabla ya kufika mjini walipita trekta, basi, na lori la pili, na kila mara neno lilikuja kwa wakati wake, au halikuja na wao wakangoja.

Daktari alimpasua Mama Botilda mchana huohuo. Baadaye alitoka akasema kidole tumbo kilikuwa kimeshaanza kupasuka, na kwamba wangekawia njiani zaidi, angekuwa anawapa habari nyingine. Alfhild alitoka nje akamkuta Sixten anafuta vumbi kwenye kioo. Alisimama mbele yake.

"A-a-a..."

Sixten akavua kofia, akaishika kifuani, akasimama. Watu walipita. Gari la mkate lilipita. Yeye alisimama vilevile, kama mtu anayengoja basi analojua litakuja.

"...ahsante," Alfhild alisema.

"Nami nakushukuru," Sixten alijibu. "Nimeendesha leo bila kuogopa. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini."

Kabla ya mavuno ya nyasi kuisha, Sixten aliingia kiwanda cha maziwa na kofia mkononi. Meneja alidhani amefuata siagi.

"Sitaki siagi. Nataka macho," alisema Sixten. "Kwa safari za mbali. Namtaka Alfhild."

Wasichana wa madebe wakaacha kuosha. "Sixten, unaajiri au unaposa?" mmoja akauliza kwa sauti.

"Naajiri. Hilo lingine sijalifikia."

Kicheko kikagonga kuta. Alfhild, uso mwekundu kama karoti, alijipangusa mikono kwenye aproni. "K-kwa nini m-mimi?"

"Kwa sababu wengine wote husema kwanza, ndipo wakaangalia," alijibu Sixten.

Alivua aproni siku hiyo.

Kijiji kilipata cha kusema, na kijiji kikasema. Gari la Sixten kubwa mno, linataka madereva wawili. Alfhild walimwita utingo. Mama Botilda, ambaye sasa alikuwa mzima na mwenye kovu alilotaka kumwonyesha kila mtu, aliwajibu wote kanisani: "Ndiyo, ni utingo. Na kama si utingo huyo, leo mngekuwa mnanipalilia maua kaburini." Baada ya hapo jina likawa la heshima. Wazee waliokuwa wanasafiri kwenda kwa daktari walianza kuuliza kwanza, "Na utingo yupo?" Asipokuwepo, waliahirisha ugonjwa.

Walizunguka mkoa mzima, wao wawili na abiria wao. Walipeleka maharusi, maiti, wakunga, na mara moja nguruwe dume ambaye mfugaji wake alikataa asiende kwa lori. Wakiwa na abiria nyuma walinyamaza. Wakirudi bila abiria Alfhild alizungumza. Hapo mwanzo alisema maneno mawili matatu, baadaye sentensi, mwisho visa vizima, vya mama yake na sardini, vya wasichana wa madebe. Kisa kimoja kiliweza kuanzia Hudiksvall kikaisha getini Storhaga. Sixten hakummalizia hata kimoja.

Kumposa alimposa nyuma ya trekta la nyasi, kiangazi cha pili.

"Alfhild, nataka kukuoa," alisema. "Ila usijibu sasa, kuna basi linakuja."

Basi likapita. Trekta likakunja kuingia shambani. Barabara yote ikawa tupu mbele yao, na gari likaendelea kwenda polepole, kwa maana Sixten alikuwa amesahau mafuta yanakanyagwa wapi. Alfhild alianza kujibu. Jibu lilikuwa refu, kwani alitaka kuliweka sawa: kwamba ndiyo, lakini mama ahamie nao, na kwamba yeye hatengenezi sill, wale samaki wa siki wa Krismasi, kwa sukari nyingi kama wanavyopenda watu wa kwao Sixten, na kwamba alishaamua tangu siku ile uani hospitalini, yeye Sixten ndiye aliyechelewa. Walifika nyumbani, Sixten akazima injini, injini ikapoa, na Alfhild alikuwa bado hajafika mwisho. Mama Botilda alichungulia dirishani, akaona wamekaa tu, akaweka kahawa jikoni.

Hawakujaliwa watoto. Walijaliwa kazi, mama wa kuwachekesha, na baada ya Plymouth kuchoka, gari la pili kutoka kwa Wetterhall, Dodge lenye mapezi nyuma kama samaki.

Huyo Wetterhall mwenyewe ndiye aliyewapa siku ambayo Alfhild hakuisahau. Ilikuwa Februari, naye alikuja kwetu kumtembelea ndugu yake. Simu ikapigwa kutoka Gävle: binti yake alikuwa na uchungu wa uzazi wa kwanza, na mambo hayaendi vizuri. Treni ingeondoka Hudiksvall mchana. Wetterhall aliingia kiti cha nyuma na koti halijafungwa vifungo, tai ya madoadoa iko begani.

Theluji ilikuwa imekoma, lakini upepo uliichota mashambani ukaitupa barabarani. Kabla ya nusu ya njia walikuta lori la maziwa mbele yao, linajikokota ndani ya wingu lake jeupe.

"Pita, Sixten," alisema Wetterhall.

Sixten akangoja. Alfhild akanyamaza.

"Ndugu yangu, nimekuuzia farasi wote wa mkoa huu ndani ya boneti moja, nawe unawatembeza kama ng'ombe wa maziwa! Pita!"

"Alfhild hajasema," Sixten alijibu.

Wetterhall akainama mbele mpaka pumzi yake ikamgusa Alfhild shingoni. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa baba aliyechanganyikiwa. "Mama, nakuomba. Binti yangu ni mmoja tu. Sema hilo neno."

Alfhild aliona jeupe tupu, na ndani ya jeupe lile pahali pamoja palikuwa peupe kuliko pengine, panatembea. Alitaka kumwambia angoje kidogo. Neno likamkaba. "K-k-k..." Alitaka kusema "kidogo", naye aliogopa, kwa kuwa alijua herufi ile ilikuwa inafanana na nini.

"Amesema!" Wetterhall akapiga kelele. "Amesema kweupe! Nenda!"

Mikono ya Sixten haikusogea. "Hajamaliza," alisema.

Pahali pale peupe palipasuka, na kutoka ndani yake likatokea gari la kusukuma theluji, na jembe lake la chuma limetanda zaidi ya nusu ya barabara. Liliwapita kwa kishindo, Dodge likatetemeka mpaka taa, theluji ikafunika kioo chote. Waipa zikafuta. Lori la maziwa lilikuwa bado mbele, linakwenda zake, halijui lolote.

Kisha upepo ukatulia walipofika kwenye msitu, barabara ikaonekana hadi mbali, na Alfhild akasema, "Kweupe." Sixten akapita. Nyuma Wetterhall alikuwa ameshika uso wake kwa mikono miwili.

Treni waliiwahi, theluji ilikuwa imeichelewesha pia. Binti alijifungua salama, msichana mwenye sauti ya babu yake. Na majira ya kuchipua Wetterhall alikuja Storhaga na mkebe mkubwa wa kahawa, akasimama jikoni hataki kukaa.

"Mama Brolin," alisema, "mimi kazi yangu ni mdomo. Mdomo huu umenilisha, umenivisha, na siku ile ulitaka kuniua mimi na nyinyi wawili. Nimekuja kushukuru kwamba wako haukusikiliza wangu."

Alfhild alianza kumjibu. Sixten aliendelea kukata mkate. Wetterhall akafungua mdomo mara mbili kumsaidia, akaufunga mara mbili, akasimama mpaka mwisho. Alfhild alimwambia kwamba pale njiani yeye naye aliogopa, na kwamba kila siku anamshukuru yeye Wetterhall kwa kumuuzia Sixten gari pana lile la kwanza, kwa sababu lingekuwa jembamba, Sixten angejionea mwenyewe.

Muuzaji yule alitoa leso. Tangu hapo, alipokuwa akimwonyesha mteja gari jipya la Amerika, viti vyake, redio yake, kipasha joto chake, alimalizia hivi: "Kila kitu kinakuja na gari, bwana, isipokuwa Alfhild. Huyo itabidi umtafute mwenyewe."

Miaka ikaenda. Mama Botilda alifariki usingizini, ameridhika. Dodge likampisha gari la tatu. Kisha serikali ikaamua kwamba nchi nzima ihamie upande wa kulia wa barabara kama majirani zake. Ilikuwa Jumapili ya Septemba, mwaka 1967, saa kumi na moja alfajiri. Kwetu watu walitoka na thamosi za kahawa wakakaa kwenye majukwaa ya kuwekea madebe ya maziwa kando ya barabara, kutazama. Magari machache yalisimama, yakavuka kwa adabu kwenda upande wa pili kama watu wanaobadilishana viti kwenye arusi, yakaendelea. Watu wakapiga makofi.

Wiki hiyo Sixten na Alfhild walikwenda Hudiksvall. Alfhild alikaa kiti chake, lakini sasa kiti kilikuwa ukingoni. Aliona magugu na masanduku ya posta. Mbele yao likatokea trekta, na Sixten, ambaye sasa alikuwa katikati na barabara yote iko mbele ya macho yake, akalipita. Hakufikiri. Mwenye macho haambiwi tazama.

Alfhild akageuza uso dirishani.

"Samahani," Sixten alisema baada ya kitambo. "Nimeona mwenyewe."

"N-ni vizuri," alisema Alfhild. Na alijua ni vizuri. Watu wengi wangepona kwa ajili ya mabadiliko yale. Ila safari iliyofuata alisema ana nguo za kufua, na ya baadaye alisema ana matunda ya kupika jemu. Mpaka theluji ya kwanza ilipoanguka, rafu zote zilikuwa zimejaa jemu na Sixten alikuwa anaendesha peke yake.

Siku moja alirudi mapema, akakaa mezani na koti lake.

"Gari limekuwa kubwa mno," alisema.

Alfhild akammiminia kahawa.

"Jifunze kuendesha."

"M-mimi? Na m-miaka arobaini na miwili? Na m-mtahini nitamwambia nini?"

"Mtahini hataki hotuba, anataka breki. Halafu fikiri, Alfhild: mwaka huu nchi nzima ni wanafunzi. Hata askari wa barabarani anajikuta upande usio wake. Ukitaka kuwa mgeni barabarani, hutapata mwaka mzuri kuliko huu."

Alfhild alijifunza kwenye njia za mashambani, kati ya mashina ya viazi na theluji. Mikono yake ilikuwa myepesi na macho yake yalikuwa na mazoezi kuliko ya madereva wengi. Mtihani wa kwanza, hata hivyo, alianguka. Alikutana na trekta nje ya Hudiksvall, akalifuata. Barabara ilikuwa tupu, trekta linatoa moshi, naye akalifuata mpaka uani kwa mwenye trekta.

"Mama Brolin," mtahini aliuliza, "kwa nini hukulipita?"

"N-nilikuwa nangoja mtu aniambie."

Sixten aliposikia alicheka mpaka akaketi chini jikoni, na Alfhild naye, baada ya kujaribu kukasirika, akaketi kando yake akacheka. "Jiambie mwenyewe basi," Sixten alisema akifuta machozi. Mara ya pili alijiambia, kwa sauti kubwa hata mtahini akashtuka na kuangusha kalamu, akapita trekta vizuri, akapata leseni. Wetterhall, aliyekuwa mzee sasa, alituma maua na salamu fupi: "Hatimaye naweza kuwauzia mawili."

Hawakununua mawili. Lakini manispaa ilitafuta wa kuwachukua watoto wa mashamba ya mbali kuwapeleka shule, na Alfhild akaichukua kazi hiyo. Asubuhi na alasiri alijaza gari lile la Amerika watoto, mikoba, viatu vya kuteleza kwenye theluji na harufu ya mabuti yaliyolowa. Siku za kwanza alinyamaza. Kisha msichana mmoja wa darasa la kwanza, Tyra, akamuuliza, kama watoto wanavyouliza:

"Kwa nini maneno yako yanakwama?"

Wale wakubwa wakamziba mdomo. Alfhild alifikiri mpaka daraja lililofuata.

"Ya-yako mengi," alisema, "na b-barabara ni nyembamba."

Tyra aliona ni jibu zuri. "Basi tuambie moja."

Akawaambia moja, la nguruwe dume aliyepanda teksi. Kisa kilichukua safari ya siku mbili. Watoto hawakuwa na pa kwenda; nyumba zao zilikuwa mbali, na nje palikuwa na theluji. Mwanzoni mmoja au wawili walijaribu kummalizia. Alfhild alikuwa na dawa yao: ukimmalizia, alibadilisha mwisho. Ukisema nguruwe alitapika, basi siku hiyo nguruwe hakutapika. Wakajifunza kungoja. Wazazi walisema watoto wa gari la Alfhild walikaa mezani bila kukatiza watu, na hawakujua sababu.

Jioni alimsimulia Sixten yale watoto waliyosema. Kahawa ilipoa, ikapashwa tena.

Aliendesha miaka mingi, hata baada ya nyonga ya Sixten kukataa kanyagio. Walipostaafu wote wawili, gari lao la mwisho lilikaa bandani chini ya turubai. Vijana wanne walikuja kutoka Bollnäs kulinunua, wenye nywele za mafuta na jaketi za jinzi, wale wapenzi wa magari makuukuu ya Kimarekani ambao kila kiangazi hujaza barabara zetu muziki na moshi. Walilizunguka gari wakipiga miluzi. Mmoja aliuliza lilikuwa la nani na lilifanya kazi gani.

Alfhild aliwakaribisha ndani. Aliweka kahawa na mikate ya iliki, akaanza kueleza, tangu gari la kwanza. Vijana walitazamana mara moja. Kisha mkubwa wao akavua kofia, akaegemea kiti, na birika zima likaisha kabla ya wao kuondoka. Mlangoni walimshukuru mmoja mmoja kwa kumpa mkono, na wakaahidi kwamba gari halitalala nje wakati wa baridi.

Wazee wawili walisimama getini wakitazama lile gari likipanda kilima, jua limekaa juu ya boneti.

"Unasikitika?" Sixten aliuliza, ameegemea fimbo yake.

Alfhild alianza kujibu. Gari likafika juu ya kilima, likazama upande wa pili, na sauti yake ikasikika kwa muda bado, ikapungua, ikaisha. Sixten alikuwa anangoja.

"Ha-hapana," alisema Alfhild. "N-nimekaa pazuri."

Wakaingia ndani, kwani sufuria ya viazi ilikuwa imeanza kufurika jikoni.